Jiko la mkaa chumbani: Jinsi gesi inavyoipokonya oksijeni nafasi katika damu

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

BARIDI ya Juni na Julai katika Kata ya Kyimo, wilayani Rungwe, huwafanya wakazi kufunga milango na madirisha mapema jioni. Katika nyumba iliyofungwa namna hiyo, jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kuleta joto linaweza kuwaua watu wakiwa usingizini.

Kinachoua si moshi unaoonekana. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana mkaa uliokwisha kukolea, usiotoa moshi hata kidogo, huwadanganya watu kuwa ni salama.

Madhara yake yanaelezwa na kemia wanayosoma wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, katika mada ya ioni changamano. Humo, chembe ya metali hukaa katikati, nayo huzungukwa na molekuli au ioni nyingine ziitwazo ligandi.

Mwaka 1893, Alfred Werner, aliyefanya kazi mjini Zürich, Uswisi, alieleza kuwa ligandi hizo hukaa katika maumbo maalumu. Umbo moja mashuhuri lina nafasi sita: nne huizunguka metali kama pembe za mraba, moja huwa juu na nyingine chini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Ligandi zinaweza kupokonyana nafasi, na jambo hilo huonekana kwa macho katika mrututu, chumvi ya shaba inayotumika kutengenezea dawa ya ukungu wa mimea. Ukiyeyushwa, shaba huzungukwa na molekuli za maji na rangi huwa ya bluu. Ikiongezwa asidi ya haidrokloriki iliyokolea, ioni nne za kloridi huchukua nafasi ya maji, umbo hubadilika na rangi hugeuka kuwa ya kijani au njano. Yakiongezwa maji mengi, bluu hurudi.

Katika damu, metali hiyo ni chuma. Kila molekuli ya himoglobini ina ioni nne za chuma. Nafasi nne za kila ioni hushikwa na naitrojeni za kiunzi kiitwacho himu, ya tano hushikwa na protini yenyewe, na ya sita ni ya oksijeni, ambayo hupakiwa mapafuni na kushushwa mwilini.

Kaboni monoksaidi huikalia nafasi hiyo ya sita kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Vilevile, husababisha oksijeni iliyobakia kung'ang'aniwa na damu, hivyo ubongo na moyo huikosa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Watu wa chumba kimoja wakiugua kwa pamoja, kisha wakapata nafuu watokapo nje, gesi hiyo ishukiwe.

Wahudumu wa afya nao waambiwe kuwa kulikuwa na jiko ndani. Kifaa cha kawaida cha kubana kidoleni hakiwezi kuitofautisha gesi hiyo na oksijeni, hivyo kinaweza kuonyesha kuwa mgonjwa ni mzima.

Tiba yake hufuata kanuni ile ile ya mrututu: kama maji mengi yanavyoiondoa kloridi, ndivyo oksijeni nyingi inavyoiondoa kaboni monoksaidi. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo hutoka katika damu baada ya saa nne hadi tano. Kwa oksijeni safi ya hospitali, muda huo hushuka hadi kati ya saa moja na saa moja na nusu.

Kwa hiyo, aliyepatwa na madhara hayo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata kama ameanza kuzungumza. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya uhakika. Jiko la mkaa libaki nje, na baridi ikabiliwe kwa blanketi.