Michezo ya kompyuta iliyozaliwa mezani

MICHEZO mingi ya kompyuta ambayo mchezaji hujitwalia nafasi ya mhusika katika hadithi ndefu haikuanzia kwenye kompyuta. Ilianzia mezani, kwa karatasi, penseli na dadu. Asili hiyo yaweza kuwafaa vijana wa miji midogo kama Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni, wasiomudu kompyuta ya bei ghali.

Chimbuko lake ni Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji huwa na mhusika wake, awe shujaa, mwizi au mchawi, na mtu mmoja huwa msimulizi. Msimulizi hueleza hatari iliyo mbele, wachezaji husema watakalofanya, na dadu huamua iwapo watafaulu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mhusika anataka kuvuka mto uliofurika, na msimulizi ameupa ugumu wa 15. Mchezaji hutupa dadu yenye nyuso 20, kisha huongeza alama 3 za nguvu za mhusika wake. Atavuka iwapo dadu itaonyesha 12 au zaidi, yaani nafasi 9 kati ya 20.

Kwa kuwa kompyuta ni hodari wa hesabu, haikuchelewa kuuchukua mchezo huo. Mwaka 1988 kampuni ya SSI ilitoa Pool of Radiance. Baldur's Gate ya BioWare, kampuni ya Kanada, ikafuata mwaka 1998. Mwaka 2023 Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, ambayo humwonyesha mchezaji dadu ikibingirika kwenye skrini.

Hata hivyo, kuna kinachopotea. Mchezaji akiamua kumshawishi mlinzi kwa wimbo badala ya kupigana naye, msimulizi aliye hai hubuni jibu papo hapo. Michezo hiyo ya kompyuta hutoa majibu yaliyoandaliwa mapema tu. Aidha, hadithi hubaki kuwa za wale walioziandika.

Mezani, hadithi huwa ya wanaocheza. Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, upo kando ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Masimulizi ya Wakamba yanasema kuwa nabii Syokimau alikuwa ameitabiri reli hiyo kama nyoka mrefu.

Kisa hicho chatosha kuanzisha mchezo: mmoja awe mfanyabiashara wa msafara, mwingine mganga, wa tatu kibarua wa reli. Dadu ya nyuso 20 ikikosekana, vipande 20 vya karatasi vyenye namba 1 hadi 20, vikichanganywa ndani ya kofia na kuokotwa kimoja kimoja, hufanya kazi ile ile, mradi kila kipande kirudishwe. Kompyuta yaweza kuja baadaye.