Mwana Atokapo Nyumbani

Kazi yetu ni ukatekista hapa Kanyenye, mjini Tabora, na habari tuwaleteayo mwezi huu haikutoka mbali. Yatoka barazani petu, chini ya mwembe.

Miembe ya mji huu mwaijua. Wazee husema ilitokana na kokwa za wasafiri waliopanda kutoka Bagamoyo na kushuka tena na pembe za ndovu, siku zile Burton na Speke walipofika, mwaka 1857, wakauita mji huu Kazeh. Aliyetupa kokwa hakukaa ale embe lake, nasi twapumzika kivulini mwa mtu tusiyemjua jina. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu wenye minyororo shingoni. Hilo nalo tusilisahau.

Basi, mwezi wa Novemba, embe zilipoanza kuiva, binti yetu kifungua mimba, mwalimu wa shule ya msingi, alipata barua. Masista wenye shule huko Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walimwomba aende akafundishe hesabu kwao muda wa miaka 2. Alituonyesha barua baada ya sala ya jioni. Mama yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya sahani, akasema, "Kongo kuna vita."

Wala si uongo. Tangu mwaka 1996 watu wengi wa Kongo wamevuka ziwa hilo kuja Kigoma wakikimbia bunduki, na mama watoto amekaa na baadhi yao katika chama cha akina mama akasikia waliyoyaona. Sisi tulisema, "Mwanangu, ngoja kwanza. Tusali." Twakiri mbele yenu kwamba siku ile neno hilo halikuwa sala. Tulilitumia kama komeo la mlango.

Binti yetu aliinamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Baba, kila mwaka wawafundisha wakatekumeni habari za Atiman. Je, zile ni za watoto wa watu wengine?"

Hatukuwa na jibu. Habari zenyewe twazijua kwa moyo, maana tumezifundisha miaka mingi. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, upande wa Timbuktu, karibu na mto Niger. Angali mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walimkomboa, wakamlea. Akapelekwa Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana wa miaka 20 na kitu. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini pale pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Lugha haikuwa yake, wala chakula, wala mila za watu. Alioa huko, na mwanawe akawa padre.

Nasi kila tusimuliapo, jambo moja hutuchoma. Siku zile zile wengine walipokuwa wakiswagwa kwenda pwani, yeye aliyekwisha kuuzwa alikuja akielekea bara kwa hiari yake, ana dawa mkononi.

Majuma mawili nyumba ilikuwa kimya. Tulimwendea Padre, tukitumaini atatuambia tumzuie. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema tuyaongee nyumbani kwetu. Jumamosi moja tukaenda porini kutazama mizinga yetu ya magome, tukakuta kundi limening'inia katika tawi la mtundu, limehama. Wenye mizinga mwajua: nyuki wakigawanyika, malkia mzee ndiye atokaye, na yule mchanga huachiwa mzinga pamoja na asali. Tulisimama pale kitambo. Twawaambia kweli, tuliwaonea nyuki wivu. Laiti ingekuwa hivyo kwetu, tutoke sisi wazee tukajaribiwe njiani, na mtoto abaki penye asali.

Tuliporudi tulimkuta mama watoto jikoni, akisonga ugali. Bila kugeuka akasema, "Mwalimu, nimemfikiri mama yake Atiman."

"Umefikiri nini?"

"Yule mama hakuulizwa. Mtoto aliondoka asubuhi, basi. Mimi nimeandikiwa barua, nimepewa na siku za kulia." Akaepua sufuria. "Mwambie aende. Ila mimi sitafika kituoni."

Alifika. Garimoshi la Kigoma lilichelewa, kama kawaida yake, naye alikuwa wa kwanza kuona taa yake. Alikuwa amefunga karanga, kanga mbili, na chupa ya asali iliyozibwa kwa nta. Wosia wake haukuwa mrefu: achemshe maji, asitembee usiku, asiache sala. Sisi tuliyekuwa tumetayarisha maneno ya Maandiko tuliyasahau yote, tukashika sanduku tu.

Binti alivuka ziwa salama, na barua yake ya kwanza imefika. Asema watoto wa darasa lake humcheka Kiswahili chake, maana cha kwao kina namna yake, na kwamba chumba kimoja kina watoto wengi kuliko madawati.

Nyumbani kwetu Rozari husaliwa na watu watano, kila mmoja kumi lake. Kumi la nne lilikuwa la binti huyo. Usiku wa kwanza baada ya safari tulipofika hapo tulinyamaza sote, na bibi yake akakohoa. Mdogo wake wa miaka 7, ambaye bado hajapewa kumi la kuongoza, akaanza peke yake. Alihesabu vibaya, akasali Salamu Maria 12. Hakuna aliyemkatiza.