Hesabu ya Kupwa na Kujaa kwa Bahari

Wakazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamejua tangu kale kwamba bahari ina kalenda yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti baina ya kujaa na kupwa hupungua. Hayo ndiyo maji mafu. Mchokoa pweza, mkulima wa mwani wa Paje na nahodha wa jahazi, wote hupanga kazi zao kwa kufuata kalenda hiyo.

Lakini rubani anayeingiza meli kubwa bandarini hatosheki na kujua kwamba kesho ni bamvua. Yeye hutaka kujua kina cha maji kitakuwa mita ngapi saa fulani ya siku fulani, hata ikiwa siku hiyo imo katika mwaka ujao. Huko Unguja na Mombasa, ambako tofauti ya maji wakati wa bamvua hukaribia mita 4, jibu lenye kosa laweza kuipandisha meli mwambani. Njia iliyolipatia swali hilo jibu ndiyo hiyohiyo inayotumiwa leo na wahandisi wa sauti, mitetemo, picha na mawasiliano.

Kwa nini swali ni gumu

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba maji huvutwa na mwezi na jua. Mvuto wa mwezi huleta wimbi linalorudia kila baada ya saa 12 na dakika 25, na wa jua huleta wimbi linalorudia kila baada ya saa 12 kamili. Lau yangekuwa mawimbi hayo mawili tu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini mwezi hauizunguki dunia katika duara kamili. Mara husogea karibu, mara huenda mbali, na jambo hilo huzaa wimbi jingine lenye kipindi cha saa 12 na dakika 39 hivi. Tena mwezi na jua huhama kaskazini na kusini ya Ikweta, na hapo huzaliwa mawimbi yenye kipindi kinachokaribia siku nzima. Juu ya hayo, ghuba, visiwa na kina cha bahari hulikuza wimbi moja na kulidhoofisha jingine, hulichelewesha hili na kuliharakisha lile. Kwa hiyo kila bandari ina mchanganyiko wake.

Wazo la Fourier

Mwaka 1807 Joseph Fourier, mtoto wa fundi cherehani wa mji wa Auxerre nchini Ufaransa, aliwasilisha mjini Paris andiko kuhusu jinsi joto linavyosafiri katika vitu. Ndani yake alidai kwamba mchirizo wowote unaojirudia, hata wenye pembe kali, waweza kuundwa kwa kujumlisha mawimbi sahili. Wimbi sahili ni lile linalopanda na kushuka kwa ulaini, kama kivuli cha kijiti kilichopachikwa ukingoni mwa gurudumu linalozunguka kwa mwendo mmoja. Lagrange, mwanahisabati mashuhuri wa zama hizo, hakukubali kwamba mistari laini yaweza kujumlishwa ikazaa pembe. Kitabu cha Fourier kilichapishwa mwaka 1822, na waliomfuata walithibitisha ni kwa masharti gani dai lake ni sahihi.

Faida kubwa ya wazo hili ni kwamba hufanya kazi pia kinyumenyume. Ukipewa mchanganyiko, waweza kuuliza: humu mna kiasi gani cha kila wimbi sahili? Njia yake ni kama kuchekecha. Chukua vipimo vya mchanganyiko vya muda mrefu, vizidishe kimoja kimoja kwa thamani za wimbi sahili lenye kipindi unachokitafuta, kisha tafuta wastani. Mawimbi yenye vipindi vingine yatatoa hasi na chanya zitakazofutana. Wimbi unalolitafuta ndilo litakalobaki. Kazi hiyo hurudiwa mara ya pili, wimbi la kupimia likiwa limesogezwa robo ya kipindi. Majibu hayo mawili yakiunganishwa hutoa kimo cha wimbi na saa linapofika kileleni.

Mtambo wa makapi

Mwaka 1867 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alianza kuitumia njia hii kwa kupwa na kujaa kwa bahari. Vipindi vya mawimbi vilikwisha kujulikana kutokana na mienendo ya mwezi na jua. Kilichotakiwa ni kimo na ucheleweshaji wa kila wimbi katika kila bandari, navyo vilipatikana kwa kuchekecha vipimo vya bandari yenyewe. Baada ya hapo, kutabiri mwaka ujao hakukuhitaji zaidi ya kujumlisha.

Ila kujumlisha huko kulikuwa kazi ndefu mno kwa mkono. Katika miaka ya 1872 na 1873 Thomson alisimamia kuundwa kwa mtambo wenye makapi 10, kila kapi likipandishwa na kushushwa na magurudumu ya meno kwa kipindi cha wimbi lake. Waya mmoja ulipita juu na chini ya makapi yote, ukajumlisha miendo yao, na kalamu mwishoni mwake ikachora maji ya bandari juu ya karatasi.

Mwanafunzi aweza kuhakiki kanuni yenyewe kwa hesabu fupi. Wimbi la mwezi huzunguka nyuzi 28.984 kwa saa, na la jua nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 1.016. Gawanya 360 kwa 1.016, utapata saa 354, yaani siku 15 kasoro kidogo. Huo ndio muda kutoka bamvua moja hadi jingine, kama wavuvi wanavyoujua bila ya kalamu.

Asubuhi ya Juni 6, 1944

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliweka vizuizi katika fukwe za Normandy, vingi vikiwa na mabomu, ili maji yakijaa vifunikwe na kuharibu mashua za adui. Majeshi ya Muungano yaliamua kuteremka muda mfupi baada ya maji kupwa, wakati kunapopambazuka, vizuizi vikiwa wazi. Siku zenye sharti hilo ni chache katika mwezi. Oktoba 1943 namba za mawimbi ya mahali palipofichwa kwa jina la msimbo zilipelekwa kwa Arthur Doodson huko Bidston, karibu na Liverpool, naye akatayarisha majedwali kwa mitambo yake miwili. Fukwe zote hazikushambuliwa kwa saa moja. Kati ya ule wa magharibi na ile ya mashariki palikuwa na tofauti ya karibu saa moja, kwa sababu maji yalianza kujaa upande wa magharibi. Maisha ya maelfu ya askari yalitegemea jumla ya mawimbi sahili.

Njia ya mkato

Kompyuta zilipokuja, makapi yalistaafu, lakini kuchekecha kwenyewe kulibaki kuwa ghali. Vipimo 1,024 vikichekechwa moja kwa moja kwa vipindi 1,024 huhitaji kuzidisha zaidi ya mara milioni moja. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya kuigawa kazi hiyo nusu kwa nusu mpaka iwe vipande vidogo, na hesabu ikapungua hadi kiasi cha 10,000. Baadaye ilibainika kwamba Mjerumani Gauss aliigundua njia kama hiyo yapata mwaka 1805, asiichapishe. Kwa msaada wake mhandisi hutambua beringi iliyochakaa kwa kuchambua mngurumo wa mashine, na hospitali huunda picha za ndani ya mwili kutokana na ishara za sumaku.

Kinachobaki

Hata hivyo, jedwali la maji halijui upepo wala tetemeko. Bahari iliyopimwa hutofautiana na iliyotabiriwa, na tofauti hiyo yenyewe ni habari. Desemba 26, 2004 tetemeko lililotokea karibu na Sumatra lilizaa tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania. Vipimamaji vya Lamu na Unguja viliinakili. Katika mchoro wa kawaida tsunami huonekana kama mikwaruzo juu ya mlima wa kupwa na kujaa. Lakini jumla ya mawimbi yanayojulikana ikitolewa, mlima hutoweka na tsunami husimama peke yake, ikipanda na kushuka kwa makumi ya dakika badala ya saa 12. Hivyo hesabu iliyoanzia katika joto haimwambii mtaalamu kile tu bahari itakachofanya kesho. Humwonyesha pia, bila ya kukawia, pale bahari inapofanya jambo lisilotarajiwa.