Mama fundi wa umeme wa jua

Katika Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji unazungusha mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Maji hayo hayo hushuka mpaka kwetu Kibiti. Hapo hugawanyika katika mikono mingi na kuingia baharini katikati ya mikoko. Kusimamisha nguzo kwenye matope yale na kuvusha nyaya kila mkono wa mto ni kazi ngumu. Kwa mwananchi wa kisiwani, umeme wa jua uko karibu zaidi.

Lakini taa ya jua nayo huharibika. Siku hiyo fundi yuko wapi? Mwenye taa apande mashua mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti? Wengine huitundika ukutani na kurudia kibatari.

Iko filamu inayoeleza jambo hili vizuri. Ilitengenezwa na wanawake wawili, Jehane Noujaim na Mona Eldaief. Filamu yao si ya kuigiza. Walimfuata mtu wa kweli, wakapiga picha ya yale yanayompata. Jehane alikulia Kuwait na Cairo. Mwaka 2004 alitoa filamu juu ya waandishi wa habari katika vita vya Iraq. Hii ya umeme wa jua ilitoka mwaka 2012. Inaitwa Rafea: Solar Mama.

Rafea ni mama wa mabinti wanne, mkazi wa jangwa la Yordani. Shule aliiacha akiwa mdogo. Alichaguliwa kwenda kusoma katika chuo cha Barefoot, kijiji cha Tilonia, India. Chuo hicho kilianzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Akina mama wasiojua kusoma, hata mabibi wenye wajukuu, walijifunza ufundi huo kwa miezi 6. Walitoka nchi mbalimbali na hawakuelewana lugha. Basi walifundishwa kwa rangi na ishara: waya wa rangi hii huungwa hapa, wa rangi ile huungwa pale.

Masomo yakiendelea, mumewe alitishia kumpa talaka na kumnyang'anya watoto. Rafea akarudi nyumbani. Ugomvi huo haukufichwa, kamera ilikuwapo. Baadaye alirudi India, akamaliza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa filamu. Kuunga nyaya kulikuwa rahisi kuliko kupata ruhusa.

Jirani zetu wa Mtwara na Lindi nao walipeleka akina mama Tilonia, wakarudi mafundi. Mwaka 2015 chuo cha namna hiyo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja.

Katika mpango huo, kijiji huunda kamati. Kila nyumba yenye taa hutoa fedha kidogo kila mwezi. Fedha hizo humlipa fundi na kununua vipuri. Bila mfuko huo fundi atavunjika moyo, maana hata yeye ana watoto wa kulisha.

Tusidanganyane: taa ya jua haipiki wali. Kuni za mikoko ni shauri jingine, tutalizungumza siku nyingine.

Kwa mwenye taa leo: hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula ncha za nyaya. Zifute kwa kitambaa kikavu, uzipake grisi kidogo. Paneli ioshe kwa maji baridi, asubuhi kabla jua halijawa kali.