WAPELELEZI WA KINGSMAN: FILME MOJA, MAONI MBALIMBALI



Munajua habari ya wale wapelelezi 12 ambao Musa aliwatuma kuangalia inchi ya Kanana. Wote walitembea siku 40, wote waliona inchi ile ile, zabibu zile zile na watu warefu wale wale. Lakini wakati wa kurudi, 10 walisema neno moja, na 2 walisema lingine. Nilikumbuka habari hii kisha likizo ya Paska, wakati wenzetu wengi walirudi internati na mabishano juu ya wapelelezi wengine, wale wa filme Kingsman ya pili, ambayo walitazama katika nyumba za video kule mujini. Jioni moja, kisha etidi, makelele ilipita kipimo. Mimi kama kapita nilipiga kengele mara mbili, na watu walinyamaza. Lakini kunyamazisha watu si kuwaeleza. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze: filme hii iko nini, watazamaji walisema nini juu yake, na juu ya nini hawakusikilizana.

1. FILME YENYEWE

Kingsman ya kwanza ilitoka katika sinema mwaka 2015. Mwenye kuiongoza ni Mwingereza Matthew Vaughn, na hadithi yake ilitoka katika vitabu vya picha vya Mark Millar na Dave Gibbons. Inaeleza juu ya kijana maskini wa London, Eggsy (ndiye Taron Egerton), ambaye baba yake alikufa. Bwana mmoja mwenye suti nzuri, Harry Hart (Colin Firth), anamuingiza katika kikundi cha wapelelezi wanaojificha nyuma ya duka la fundi wa nguo. Mwavuli wao iko bunduki na ngao, kiatu chao kiko na kisu chenye sumu. Fundisho lao ni kwamba adabu ndiyo inafanya mtu kuwa mtu, si jina la baba wala feza ya nyumba. Nafikiri hii ndiyo ilipendeza vijana: mtoto wa mtaa anaweza kuvaa suti na kuwa mtu wa maana, bila kukana mama yake wala marafiki wake.

Ya pili, The Golden Circle, ni kusema Duara ya Zahabu, ilitoka mwezi wa 9 mwaka 2017. Inadumu saa 2 na dakika 21. Mwanamke mmoja, Poppy (Julianne Moore), mkubwa wa biashara ya madawa ya kulevya, anajificha katika pori la Kamboja. Anabomoa nyumba za Kingsman zote kwa mizinga. Eggsy na Merlin (Mark Strong) wanabaki peke yao, wanakimbilia Marekani kwa ndugu zao wa kazi, Statesman, ambao wanajificha ndani ya kiwanda cha pombe kule Kentucky. Kiisha Poppy anatangaza kwa dunia nzima: ametia sumu ndani ya madawa yake yote, bangi vilevile. Mwenye kuitumia anapata kwanza mistari ya bluu katika mwili, kisha wazimu, kisha kupooza, kisha kifo. Dawa ya kuponya iko kwake, na ataitoa kama raisi wa Marekani anaruhusu biashara yake. Muweke neno hili akilini, tutalirudilia.

2. WATAZAMAJI WALISEMA NINI

Wenye kusifu filme hii wako wengi, na sifa zao ziko na msingi. Kwanza wanataja mwanzo wake: mapigano ndani ya taksi katika barabara za London usiku, watu wawili wanapigana na gari linakimbia, na kamera inazunguka pamoja nao kama vile iko mtu wa tatu katika kiti. Pili, nguo, rangi na miziki. Mwimbaji Elton John mwenyewe anacheza ndani, kama mfungwa wa Poppy, na nyumba yote ya video ilicheka wakati alipiga watu teke na manyoya yake mwilini. Tatu, kifo cha Merlin. Eggsy anakanyaga bomu lililofichwa katika udongo. Merlin anasimama pahali pake, anaimba wimbo wa John Denver mpaka adui wanamkaribia, na bomu linalipuka pamoja naye. Hapa hata wale waliokuwa wakicheka walinyamaza.

Wenye kulalamika wako wengi vilevile. Manunguniko yao ni haya:

a) Ni ndefu. Filme ya mchezo, wanasema, haipaswi kuchosha matako.

b) Harry alipigwa risasi ya kichwa katika filme ya kwanza, tukamlilia. Katika ya pili anarudi, amepoteza jicho moja na akili yake kidogo. Kama watu wa filme wanaweza kufufuka, tutaogopa nini tena wakati wanapigwa? Lazaro alifufuka mara moja tu, na watu wanamsimulia mpaka leo.

c) Roxy, msichana aliyeshinda wavulana wote katika mtihani wa filme ya kwanza, anauawa mapema kwa bomu, kama vile hakuwa na kazi. Wasichana wa darasa la tano walikasirika juu ya neno hili, na nafikiri wana haki.

d) Kuko sehemu moja katika sherehe ya miziki ambapo mpelelezi anatumia mwili wa msichana kama chombo cha kazi. Sitaieleza hapa. Watazamaji wengi, wanaume kwa wanawake, walisema filme yenye kufundisha adabu ilisahau adabu yake yenyewe.

e) Poppy anamtia mtu ndani ya mashine ya kusaga nyama. Wamoja wanacheka, wengine wanafunga macho.

Wadogo wangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, musikie: kule Uingereza mtoto wa chini ya miaka 15 hakuruhusiwa kuingia sinema kwa filme hii. Siyo mimi nimetunga sheria hiyo. Sikuwaeleza hadithi hii ili muitafute.

3. NAMNA YA KUPIMA MAONI

Katika mabishano yetu mmoja alisema: «Filme hii iko mbaya, wenye kujua waliipa nusu tu.» Mwingine akajibu: «Iko nzuri, ilileta feza mingi.» Wote wawili walisema kweli, lakini wote wawili walipima kwa kilo kitu cha kupimwa kwa metre.

Kuko mizani tatu. Ya kwanza ni feza. Kila moja ya hizi filme mbili ilipata zaidi ya milioni 400 za dolari katika dunia. Lakini feza inaonyesha watu wangapi waliingia, haionyeshi namna gani walitoka. Mtu analipa mlangoni, mbele ya kuona. Wengi walilipia filme ya pili juu ya utamu wa ile ya kwanza. Tena kule Marekani na Kanada ya kwanza ilipata karibu milioni 128, na ya pili karibu milioni 100. Ni kusema, kule wengine hawakurudi.

Mizani ya pili ni waandishi wa magazeti, wale ambao kazi yao ni kutazama. Karibu robo tatu yao walisifu ya kwanza. Ya pili ilisifiwa na karibu nusu tu. Muangalie vizuri: nusu ya watu wenye kusifu haina maana ya pointi 10 juu ya 20. Kama mwalimu anauliza wanafunzi 40 kama chakula cha leo kiko kizuri, na 20 wanasema ndiyo, hatuwezi kusema chakula kilipata 10 juu ya 20. Pengine wale 20 walikipenda sana na wengine walikichukia sana. Hesabu hii inaonyesha mgawanyiko, haionyeshi utamu.

Mizani ya tatu ni watazamaji wenyewe. Kule Marekani kuko kampuni CinemaScore, ambayo inagawa karatasi kwa watu wa sinema usiku wa kwanza, nao wanatoa alama kwa herufi, toka A mpaka F. Filme ya kwanza ilipata B na alama ya kuongeza. Ya pili ilipata nini? Ile ile. Namna gani waandishi waligawanyika, na watazamaji wakatoa alama moja? Sababu iko wazi: usiku wa kwanza wanakuja wapenzi. Ukiuliza watu juu ya kwaya yetu mlangoni mwa sherehe ya kwaya, utapata sifa. Uliza pia wale waliobaki nyumbani.

Na kuko maoni ambayo hayaingii katika mizani yoyote. Mwaka 2017 serikali ya Kamboja ilikataza filme hii katika inchi yao. Hawakufurahi kuona pori na mahekalu yao yanageuzwa kituo cha wauaji. Wengine walicheka neno hili. Sisi Wakongo tusicheke upesi. Filme ngapi tumeona ambamo inchi yetu ni pori, bunduki na watu wasio na jina? Na ule bomu wa Merlin, kwa mtazamaji wa London ni machozi ya dakika tatu. Kwa mkulima wa Kamboja, mabomu ya namna ile yalibaki kweli katika mashamba yao kisha vita. Filme iko moja, lakini kila mtu anaitazama akikaa pahali pake.

4. NENO AMBALO LILITUGAWANYA

Sasa nirudilie lile neno la sumu. Katika filme, raisi wa Marekani anadanganya Poppy kwamba amekubali. Kwa siri anafurahi: wenye kuvuta madawa watakufa wote, na biashara itakufa pamoja nao. Anafungia wagonjwa ndani ya vizimba, moja juu ya nyingine, katika uwanja wa michezo. Na ndani ya vizimba hakuna wauaji tu. Kuko hata mama mmoja wa kazi yake mwenyewe, mwenye kutumia dawa ili aweze kufanya kazi masaa mengi.

Kule mujini, wakati raisi alisema waachwe wafe, watu fulani katika nyumba ya video walipiga makofi. Wenzetu wengine pia walipiga. Makelele ya jioni ile ilitoka pale. Haikuwa juu ya taksi wala suti.

Nitasema neno langu wazi. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikutwa na bangi nyuma ya jiko. Mimi ndiye niliandika jina lake, na alirudishwa kwao. Sikukosa, sheria ya shule tunaijua wote, na tulikuwa na watoto wadogo katika nyumba ile ya kulala. Lakini wakati makofi ilipigwa, niliona uso wake ndani ya kizimba, na mikono yangu ilibaki juu ya magoti.

Lakini aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi si mtu mbaya. Mjomba wake aliuawa na wezi, na watu walisema wale wezi walikuwa wamevuta. Na filme inajua uchungu huo. Mmoja wa Statesman, Whiskey, anageuka msaliti, anataka wenye kuvuta wote wafe, kwa sababu watu wa madawa waliua mke wake mwenye mimba. Watazamaji wengi walisema Whiskey ni adui asiyeeleweka, aliongezwa mwisho kwa kurefusha filme. Mimi nasema yeye ndiye mtu wa kweli kuliko wote ndani yake. Uchungu wake uko na haki. Hukumu yake haina haki, maana anatafuta waliomkosea katika uso wa watu wote.

Kosa la filme, kwa maoni yangu, ni kwamba inatupa swali hili zito na kisha inakimbia. Whiskey anatupwa ndani ya mashine ya nyama, raisi anafukuzwa kazi, Eggsy anaoa binti wa mfalme, na watu wanatoka wakicheka. Swali linabaki kwetu.

5. MWISHO

Basi, filme iko nzuri ao mbaya? Kwa macho na masikio, sehemu zake nyingi ziko nzuri. Kwa hadithi, ya kwanza inaipita. Kwa roho, inategemea mtu anapiga makofi wapi. Nawaomba neno hili: mukitaka kubishana juu ya filme, kila mtu aseme kwanza aliona nini, kiisha aseme yeye mwenyewe anatoka wapi. Wale wapelelezi 10 walikuwa wengi, na walikosa. Yoshua na Kalebu hawakukana kwamba watu warefu wako, waliwaona vilevile. Wingi wa watu si mizani, na kufunga macho vilevile si imani.

Yule mwenzetu wa bangi yuko kwao, anasaidia baba yake dukani. Juma lililopita nilimwandikia barua. Yule ambaye mjomba wake aliuawa aliomba kuisoma mbele haijafungwa. Alikaa nayo muda mrefu, kisha aliongeza salamu yake chini.

Kapita wa shule,
mwanafunzi wa darasa la sita