Hesabu za Tanuri la Waruteni

Wagalia wakitajwa, kinachosimuliwa kwanza ni vita vya Alesia dhidi ya Warumi, mwaka 52 KK. Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, aliandika kwamba Waruteni, kabila la Kigalia lililoishi katika milima ya kusini mwa Ufaransa ya leo, walipangiwa kutoa askari 12,000 wa kwenda kumwokoa Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia, aliyekuwa amezingirwa huko. Hawakufaulu, na Galia yote ikawa chini ya Roma. Vitabu vingi vinawaaga Waruteni hapo. Mimi nawafuata mbele zaidi, kwa sababu zaidi ya miaka 100 baadaye waliandika wenyewe, kwa lugha yao, juu ya sahani.

Mji wao mkuu ulikuwa Segodunum. Leo unaitwa Rodez, jina lililotokana na la kabila. Lakini sauti yao inasikika zaidi mahali paitwapo La Graufesenque, kando ya mji wa Millau, mto Dourbie unapoingia mto Tarn. Zamani palijulikana kama Condatomagus, yaani soko la makutano ya mito. Katika karne ya kwanza BK palikuwa na mamia ya wafinyanzi waliotengeneza vyombo vyekundu vya mezani vinavyong'aa, na vyombo hivyo viliuzwa karibu kila pembe ya magharibi ya dola ya Kirumi.

Wekundu ule ulikuwa na kazi yake. Chombo kilifinyangwa, kikaanikwa, kikachovywa katika tope jepesi la udongo uliochujwa sana, kisha kikachomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi. Udongo una chuma ndani yake, na chuma kikipata hewa motoni huwa chekundu. Moshi ukikigusa chombo, kinaingia weusi na hakuna mnunuzi. Ndiyo maana tanuri kubwa lilitiwa mabomba ya udongo yaliyopitisha moto na moshi hadi nje, vyombo vikaachiwa joto tu.

Tanuri la namna hiyo hula kuni nyingi mno, na mfinyanzi mmoja hawezi kulijaza. Orodha kadhaa zinataja vyombo zaidi ya 25,000 kwa uchomaji mmoja. Walichoma kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi ijulikane kipi ni cha nani kabla mlango wa tanuri haujazibwa.

Hapo ndipo karani alipochukua sahani mbichi na kuichora kwa ncha kali. Juu aliandika *tuthos*, yaani shehena ya tanuri, akaongeza namba yake. Chini mistari inashuka: jina la mfinyanzi, aina ya chombo, kipimo, idadi. Sahani ikaingia motoni pamoja na shehena, hesabu ikaiva na mali iliyohesabiwa. Iliyovunjika ilitupwa jalalani pamoja na vigae vingine, na jalala likatutunzia.

Kinachonigusa zaidi ni maneno yenyewe. Herufi ni za Kirumi. Majina ya vyombo mengi ni ya Kilatini au Kigiriki, ila yamepindwa kwa ulimi wa Kigalia: *catillus* imekuwa *catilus*, *acetabulum* imekuwa *acitabli*. Hata mtu mwenye jina la Kirumi Albanus anaandikwa Albanos, kwa mwisho wa Kigalia. Lakini likija suala la kuhesabu shehena, Waruteni hawakuazima: *cintux* ya kwanza, *allos* ya pili, *tritos* ya tatu, *petuar* ya nne, *pinpetos* ya tano, hadi *decametos* ya kumi.

Anayesema Kiswahili ana haki ya kushangaa. Sisi tulichukua sahani na birika kutoka Kiarabu, sawa na wao walivyochukua vyombo vyao kwa Warumi. Ila tulichukua pia sita, saba na tisa, na hatuoni ugeni wowote. Nionavyo, jina la chombo lilikuja na mnunuzi, kwa sababu yeye ndiye anayeagiza. Hesabu ilibaki kwa wanaopokezana vyombo mlangoni pa tanuri, na hao walikuwa wakisemezana Kigalia. Orodha hizi zinaonyesha kwamba lugha hiyo haikuzimika pamoja na vita.

Vyombo vyenyewe vilisafiri hadi Italia. Mwaka 1881 wachimbaji wa Pompeii walikuta mabakuli 90 ya kusini mwa Galia, mapya kabisa, yakiwa bado yamefungashwa pamoja na taa za mafuta kutoka kaskazini mwa Italia. Yaliwasili kabla tu mlima Vesuvius haujalipuka mwaka 79 BK, na hayakuwahi kupakuliwa. Mihuri iliyogongwa kwenye udongo bado inasomeka, na kati yake limo jina la Mommo, mfinyanzi wa La Graufesenque.