Kabla ya Kuizima na Kuiwasha Tena

Mashine ya picha ikigoma katikati ya kazi, tiba ya kwanza katika hospitali nyingi ni moja: izime, subiri kidogo, iwashe. Mara nyingi inaamka. Foleni inasogea, mgonjwa anapata picha yake, na namba iliyotokea kwenye kioo inasahauliwa. Siku chache baadaye inagoma tena, na safari hii haiamki. Anaitwa fundi kutoka Unguja au Dar es Salaam. Anavuka kwa boti hadi bandari ya Mkoani, Pemba, au kwa ndege ndogo hadi Chake Chake, anafungua begi lake na kuuliza: ilianzaje? Watu wanatazamana. Mashine yenyewe, hata ikiwa na miaka ishirini kazini, aghalabu inajua ilianzaje, kwa sababu imeandika.

Nazungumzia kumbukumbu za hitilafu, yaani mistari ambayo kompyuta ya ndani ya mashine ya eksirei, ultrasaundi au siti skani hujiandikia yenyewe inapowashwa, inapopiga picha, joto linapopanda, umeme unapoyumba. Mstari huwa na tarehe, saa, namba ya msimbo na maneno machache. Pemba mtaalamu na kipuri wote huja kwa bahari au kwa anga. Kwa hiyo mistari hiyo ndiyo inayoamua kama fundi atafika na bodi inayotakiwa mkononi, au atakuja kutazama, arudi, kisha aje tena huku wagonjwa wakivushwa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kutafuta picha. Msimamo wangu ni kwamba kumbukumbu zitolewe kwanza, mashine iguswe baadaye.

Haraka inatokana na ufinyu wa nafasi. Mashine nyingi kongwe huandika kwa mzunguko: nafasi ikijaa, mstari mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani kuliko yote. Na kila mashine inapowashwa huandika mistari mingi ya kujipima, memori, bodi, feni, diski. Mtu akiizima na kuiwasha mara kadhaa kwa matumaini, anaweza kuufuta mstari uleule uliokuwa unatafutwa. Zipo pia zinazoweka hitilafu kwenye memori isiyodumu, ambayo hupotea umeme ukikatika tu. Kwa mashine hizo, namba iliyopo kwenye kioo au taa zinazomulika kwenye bodi ndiyo habari yote iliyopo duniani kuhusu tukio hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fundi: ni simu ya mkononi. Piga picha ya kioo kizima, si namba peke yake. Kama jenereta ya eksirei ina kioo kidogo cha tarakimu, irekodi kwa video, maana misimbo mingine hupokezana, namba mbili au tatu zikifuatana. Andika kwenye daftari la chumba: mkao gani wa picha, kilovolti na miliampea zilizowekwa, mlio uliosikika, harufu kama ipo. Jina la mgonjwa lizibwe kabla picha haijatumwa kwa yeyote.

Hatua ya pili ni menyu. Ultrasaundi na siti skani nyingi zina ukurasa wa matengenezo ambamo kumbukumbu zinaweza kutazamwa na wakati mwingine kunakiliwa. Shida ya mashine kongwe ni kwamba zinanakili kwenye vyombo vya zama zao: diski laini za flopi, diski za sumaku na mwanga, sidii. Nyingine zina tundu la flashi lakini hazitambui flashi kubwa za leo, na hapo flashi ndogo ya zamani iliyosahauliwa kwenye droo huwa na thamani kuliko mpya ya dukani. Ikishindikana, rudi kwenye simu na upige picha ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini inatosha.

Kisha kuna tundu la pini 9 au 25 nyuma ya mashine, la mawasiliano ya mfululizo, kiwango kinachojulikana kama RS-232 ambacho asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jenereta nyingi za eksirei husimulia habari zao kupitia hapo. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina tundu hilo, kwa hiyo fundi anahitaji kigeuzi cha USB, na mara nyingi waya uliopishanishwa, ambao pini ya kutumia upande mmoja inakwenda kwenye pini ya kupokea upande wa pili. Kasi inayofaa kujaribiwa mwanzo ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Yakitokea maandishi yasiyosomeka, mara nyingi ni kasi tu haijalingana. Jambo moja husahaulika: programu iambiwe ihifadhi kila kitu kwenye faili kabla ya kuunganisha, kwa sababu mashine nyingine humwaga kumbukumbu mara moja tu, wakati wa kuwaka.

Njia ya mwisho ni kuitoa diski yenyewe na kuinakili biti kwa biti kwenye kompyuta nyingine, bila kuandika chochote juu yake. Hapa naomba subira. Diski iliyozunguka miaka mingi bila kupumzika inaweza isizunguke tena ikishasimama na kupoa. Kama mashine bado inawaka, toa unachoweza ikiwa inawaka.

Tuseme kumbukumbu zimepatikana. Kazi ngumu ndiyo inaanza, na ugumu wake mkubwa ni saa.

Ndani ya mashine nyingi kuna betri ndogo ya mviringo, ya lithiamu, yenye volti 3, inayoiendesha saa umeme usipokuwepo. Betri hiyo hufa baada ya miaka, na hakuna taa inayowaka kusema imekufa. Tangu hapo, kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Mwanzo wa kompyuta za mfumo wa DOS ni tarehe 1 Januari 1980, na wa mifumo ya jamii ya Unix ni 1 Januari 1970. Asiyejua atasoma kumbukumbu hizo na kuona hitilafu chungu nzima zimetokea siku moja, miaka kabla mashine haijatengenezwa, kisha aseme mashine imechanganyikiwa na aziache. Haijachanganyikiwa. Kila kurudi 1980 au 1970 ni alama ya umeme kukatika, na hiyo ni habari.

Hata saa ikiwa hai, huenda haiko Pemba. Mashine iliyotumika kwanza Ulaya mara nyingi huja na saa ya huko, na iliyotoka Marekani huandika mwezi kabla ya siku, kiasi kwamba 03/04 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi. Halafu kuna saa yetu wenyewe. Mashine inaandika 08:20, daftari la chumba cha picha linasema saa 2:20 asubuhi, na ni wakati uleule. Lakini mtu akiandika 8:20 peke yake bila kusema asubuhi au mchana, tumepotea kwa saa sita. Na kwa kuwa kwetu siku huanza magharibi, mlinzi anayesema umeme ulikatika usiku wa Ijumaa anaweza kumaanisha usiku ambao mashine inauita Alhamisi. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu miongozo ya watengenezaji haiwezi kuligusa, na fundi mgeni hatalifikiria.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kufanya lolote, piga picha saa ya mashine ikiwa pamoja na saa ya simu kwenye fremu moja. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kipimo cha kusahihishia kila mstari ulioandikwa tangu saa iliporekebishwa au kuanza upya mara ya mwisho. Na kama saa imekufa kabisa, tumia hesabu ambayo haitegemei betri hiyo: mashine nyingi za eksirei na siti skani huweka idadi ya picha zilizopigwa tangu zianze kazi, na idadi hiyo huonekana karibu na hitilafu. Ichukue, rudi kwenye rejista ya wagonjwa, hesabu kinyumenyume. Utampata mgonjwa, utapata tarehe, na daftari litakuwa limekuwa saa ya mashine.

Baada ya saa ni mpangilio. Kinachoonekana kwenye kioo mara nyingi ni hitilafu ya mwisho, ilhali kinachotafutwa ni ya kwanza. Chukua mfano wa kawaida: volti ya umeme inashuka, jenereta inashindwa kufikia kilovolti zilizoombwa, mwale unakatizwa, bodi moja inaacha kuijibu nyingine, na kioo kinatangaza kwamba mawasiliano yamekatika. Anayesoma tangazo tu ataagiza bodi ya mawasiliano, ingawa ni nzima. Anayerudi juu hadi mstari wa mwisho wa kawaida, kisha ashuke mmoja, ataukuta umeme.

Na umeme una historia yake kisiwani. Hadi 2010 Pemba iliwashwa na majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha. Mwaka huo ndipo ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari, mradi uliofadhiliwa na Norway. Hali ilibadilika sana, lakini mashine ya eksirei ina tabia inayoufichua umeme dhaifu popote ulipo: huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Fundi anaweza kupima ukutani akakuta volti zote zipo, kwa sababu anapima mashine ikiwa imetulia. Upungufu unatokea mwale unapopigwa tu, na aliyeuona ni mashine peke yake. Mistari ya aina hiyo ikikutana na daftari la jenereta la hospitali, ubishi kati ya fundi wa umeme na fundi wa vifaa tiba unaisha.

Ultrasaundi haina njaa hiyo ya umeme. Imezoea Pemba kitambo. Watafiti wa kichocho walikuwa wakiitumia kutazama kibofu na figo tangu miaka ya 1980. Adui yake ni hewa ya chumvi na unyevu wa masika, unaotia kutu kwenye pini za kuunganishia kichwa cha kupimia. Hitilafu ya kichwa kisichotambuliwa inayokuja na kuondoka, mara nyingi huanzia hapo.

Msimbo usioeleweka una hatari kubwa kuliko hasara ya kipuri. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kwa dozi kubwa mno, na baadhi yao walifariki. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kioo kiliandika tu hitilafu namba 54. Kitabu cha mashine hakikueleza maana yake kwa namna ambayo mtumiaji angeitambua hatari, na watumiaji walikuwa wamezoea kubonyeza kitufe cha kuendelea kila hitilafu ilipotokea. Aliyefumbua fumbo ni mwanafizikia wa hospitali ya huko pamoja na mtumiaji wa mashine, ambao walirudia hatua zake moja baada ya nyingine hadi namba ileile ikatokea tena. Waliweza kwa sababu mtumiaji alikumbuka barabara alichokifanya.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakitokani na uzee. Baadhi ya watengenezaji hufunga kurasa za matengenezo kwa nywila au ufunguo wa kielektroniki ambao hupewa mafundi wao tu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kwamba mafundi wasiotoka kwa watengenezaji ni nguzo ya huduma za afya, na 2021, kwa pendekezo la ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, iliruhusiwa kufuli za programu kwenye vifaa tiba zifunguliwe kwa ajili ya matengenezo. Ruhusa hiyo haivuki bahari kisheria, lakini hoja yake inatuhusu: hospitali inayomiliki mashine iwe na haki ya kusoma mashine hiyo ilichoandika.

Kusoma si kufungua. Ndani ya jenereta ya eksirei kuna kapasita zinazoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa, na anayezigusa awe amefunzwa. Na tyubu au jenereta ikibadilishwa, vipimo vya mionzi virudiwe kwa taratibu za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kabla ya mgonjwa kulala mezani.

Mwaka 2011 Perry na Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke walichambua orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo wa rasilimali, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, wa usimamizi na wa miundombinu. Ndiyo maana anayetoa msaada wa mashine iliyotumika naye aulizwe mapema: kitabu cha matengenezo kiko wapi, nywila ni ipi, waya wa kutolea kumbukumbu umo kwenye sanduku? Na siku mashine inapokabidhiwa ikiwa nzima, kumbukumbu zake zitolewe siku hiyohiyo na zihifadhiwe, pamoja na tarehe ya kubadilishwa betri ya saa. Fundi atakayeitwa miaka mitano baadaye atazihitaji, ili ajue ni mistari gani mashine hiyo imekuwa ikiiandika tangu ilipokuwa na afya, na ni upi mgeni.